Mashine ya Maji na Kisima cha Mjomba Ndahani

Ndugu zangu mnaotunza mashine ya maji pale kituoni, nawasalimu kwa Kigogo, mbukwenyi.

Kwanza mnisamehe mwandiko huu. Shule yangu ni ile ya misheni upande wa Kongwa, nikatoka mara tu nilipojua kuunganisha herufi, na tangu hapo mkono wangu umezoea spana kuliko kalamu. Nikiandika mstari mmoja, maji ya ugali yanachemka. Mkiona herufi imekaa mahali pasipo pake, isomeni kwa huruma, na mkishindwa kabisa ulizaneni. Ningeweza kuja kuwaambia kwa mdomo, lakini mnanijua. Mbele za watu maneno yangu hukauka. Wako kati yenu tuliofanya kazi pamoja kiangazi kizima bila mimi kusema zaidi ya "kuni" na "mafuta".

Hapa nilipo wananicheka nikisema nimemaliza kazi. Wanauliza, mzee wa kazi gani huyu asiye na mvi hata moja? Kazi yenyewe ni ngeni katika nchi hii, basi hata wazee wake ni vijana.

Reli ilipofika kwetu nilikuwa katika kundi la kukata miiba mbele ya wenye vyuma. Siku gari la moshi lilipokuja mara ya kwanza hadi mahali tulipokuwa, wenzangu walikimbia kwa sababu ya filimbi. Mimi sikukimbia, na si kwa ushujaa. Nilikuwa nimekwisha kuona kile chuma kirefu cha ubavuni kinachoyashika magurudumu, kinakwenda mbele na kurudi kama mkono wa mwanamke anayesaga uwele, na magurudumu yote yanakitii. Niliinama nikatazama chini yake mpaka mchochea moto akanipigia kelele niondoke. Kisha nikaona wanalinywesha. Walileta maji kwa madebe, watu wamepanga mstari, nalo halishibi. Siku ile nilijifunza jambo ambalo sijaliacha mpaka leo: kila chombo kipya kikija, wengine huuliza kina mbio gani. Mimi huuliza kinakunywa nini.

Nilipata kazi ya mashine ya kwanza, ile iliyovuta maji ya gari kutoka kisimani, kwa sababu ya tarakimu. Bwana wa njia, msimamizi wa reli, Mdachi mmoja mrefu mwenye kofia ya jua, alitafuta mtu anayejua kusoma ile saa ya mvuke, yaani kioo chenye mshale kinachoonyesha nguvu iliyomo ndani ya chungu cha mashine. Alitupanga, akaonyesha kioo, akauliza kila mmoja, "Inasema nini?" Zamu yangu ilipofika niliona tarakimu vizuri, lakini mdomo haukufunguka. Alingoja, akachoka, akageuka kwenda zake. Ndipo nikamwambia mgongo wake ile tarakimu. Akarudi akacheka, akaandika jina langu, Yohana.

Aliyenifundisha kazi ni Fundi Mabruki, mtu wa Bagamoyo. Ujana wake alipita Ugogo kwa miguu, mzigo kichwani, katika misafara ya kwenda Ujiji, na alikuwa akisema kwamba kila jiwe la nchi yetu analijua kwa kidole gumba cha mguu. Ijumaa alivaa kanzu nyeupe, akaizungukia mashine kwa mbali kama anayepita karibu na mbwa. Siku nyingine alikuwa mweusi wa mafuta mpaka kwenye nyusi.

"Shikamoo, fundi," nilimwambia siku ya kwanza.

"Marahaba. Una meno?"

Nikashangaa. Akanipa kijiti kikavu, ncha moja akaiweka juu ya mashine, nyingine akaniambia niiume. Mara kichwa changu chote kikajaa mlio wa ndani: mvuke unaingia, kizibo kinapanda, maji yanapita, kizibo kinashuka. Akaniambia, "Sikio linasikia makelele. Jino linasikia ugonjwa." Nawaachieni dawa hii. Mkisikia kwa jino mlio kama wa mtu anayeburura kiatu, ngozi ya kizibo imekwisha. Msingoje.

Na habari ya ngozi, sikilizeni. Zile zinazokuja ndani ya makasha kutoka Ulaya ni nzuri machoni, zimekatwa duara safi, lakini vumbi letu huzipasua kabla hujazizoea. Tumieni ngozi ya shingo ya dume la ng'ombe, ilowekwe katika mafuta ya kondoo mpaka ilegee, ndipo ikatwe. Ngozi hizo tulizipata kwa mjomba wangu Ndahani, kaka wa mama yangu, ambaye tembe lake mnaliona ng'ambo ya korongo. Kwake nililala, kwake nilikula, na asubuhi nilikwenda kazini tumbo langu lina maziwa yake. Alikuja siku moja kutazama ngozi yake inakofungwa. Akazunguka mashine, mkuki begani.

"Kwa hiyo dume langu limo humo ndani?"

"Limo, mjomba. Kipande cha shingo."

"Linavuta maji ambayo halitakunywa." Akatikisa kichwa. "Hata lilipokuwa hai sikulionea hivyo."

Fundi Mabruki alicheka mpaka akakaa chini. Mimi pia nilicheka. Ilikuwa masika na korongo lilikuwa limejaa.

Siku zile zilikuwa njema kwangu, na nikiwa peke yangu bado naziwaza. Kila gari lilileta kitu. Niliona simu inavyogonga kama ndege wa kutoboa miti, na karani akaniambia kwamba yule anayegonga yuko Dodoma. Niliona sanduku lenye pembe kubwa linaloimba, nikatazama ndani ya pembe nikaona hakuna mtu, nikafurahi zaidi kuliko kama yupo. Mpadri mmoja alipita na baiskeli, akaniacha niinue gurudumu la nyuma na kulizungusha. Mpaka leo naiweka baiskeli juu ya vyote. Inabeba mtu, haichomi kuni, haiombi hata kikombe cha maji.

Kisha ikaja motokaa. Ilikuja juu ya behewa lisilo na ukuta, imefunikwa kitambaa kama bibi arusi, na mwenyewe, Mzungu wa kupita tu, hakutaka kungoja Dodoma. Alitaka ishushwe kwetu aiendeshe mwenyewe njia iliyobaki. Ilipofunuliwa nilisahau haya zangu, nikaishika. Magurudumu yake yalikuwa ya mpira, ndani hakuna kitu ila upepo. Fikirini, upepo umebeba chuma! Akazungusha mkono wa mbele, ikakohoa, ikatetemeka, ikaenda. Mihayo, Mnyamwezi mchochea moto wa gari letu, alikuwa juu ya kuni zake anatazama.

"Wewe Mgogo," akaniita, "mbona umetoa macho? Utalipa ng'ombe wangapi umwoe huyo?"

"Wewe babu yako alibeba meno ya ndovu kwa kichwa," nikamjibu, maana kwa Mihayo tu ulimi wangu ulikuwa mwepesi. "Huyu angembebea."

"Babu yangu hakukwama mchangani!"

Kweli, motokaa ilikuwa imefika korongoni, imezama mpaka tumboni, mbele inafoka mvuke. Tukaenda na kamba, watu wazima na watoto, tukaivuta. Mjomba Ndahani alishika kamba kama wengine, akauliza kwa upole, "Hiki kitu kinatembea, au kinatembezwa?" Nayo ilipotoka iliomba maji. Tukaipa. Ilikunywa kama mbuzi mmoja tu, sikuionea ubaya. Naisifu mpaka leo. Siku watakapoipatia njia, mtaona.

Sasa nafika kwenye kile kiangazi. Mvua zilizotangulia zilikuwa chache. Mnajua korongo letu halina maji juu. Maji yako chini ya mchanga, na kila mji una kisima chake ndani ya mchanga huo. Kisima cha mashine kimejengwa kwa mawe, kinakwenda chini kuliko vyote, na kiko upande wa juu. Cha mjomba kinafuata chini yake. Kadiri jua lilivyozidi, watu wa mjomba walichimba zaidi kila siku, mpaka wakasimama mmoja chini ya miguu ya mwingine, wanapandisha kibuyu mkono kwa mkono. Ndama walikuwa wanalamba mchanga uliolowa. Nyumbani maziwa yalipungua, na kile kidogo bado walinipa mimi kwanza, kwa kuwa ninakwenda kazini. Nilikunywa, nikaenda kuwasha moto.

Kwetu kisima cha mchangani kikichoka hulazwa. Mwenye kukilaza huweka tawi la miiba mdomoni mwake, na hapo hakuna atakayechota, hata mtoto mwenye kiu, mpaka yule aliyeliweka aliondoe kwa mkono wake mwenyewe. Maji yaachwe yajikusanye.

Asubuhi moja tukakuta tawi la miiba limelala juu ya kisima cha mashine.

"Nani kaleta uchafu huu?" akauliza Fundi Mabruki.

"Si uchafu, fundi. Kisima kimelazwa."

"Kimelazwa na nani?"

Nililitambua. Tawi lilikuwa la mti ulio nyuma ya tembe letu.

Akanyoosha mkono aliondoe, nikamshika mkono. Sikuwa nimewahi kumgusa. Nikamwambia, "Fundi, ukiliondoa hawatakupiga. Lakini hakuna atakayekupa moto wala maziwa, wala kuitikia salamu yako. Na mimi sitaweza kurudi kulala kwa mjomba."

"Na gari likija?" Tangi la kunyweshea gari lilikuwa karibu tupu, na gari la siku ile ndilo lililokuwa linamleta bwana wa njia mwenyewe. Sote wawili tulijua. Gari likikosa maji, bwana atauliza sababu. Akiambiwa sababu, ataiita uasi, ataleta askari kutoka bomani, na mjomba atalazwa chini apigwe kiboko mbele ya wanawe.

Fundi akafikiri, akafuta mikono. "Kamlete mjomba wako. Mimi nawasha moto. Kuwasha moto si kuchota."

Nilimkuta mjomba amesimama juu ya kisima chake, anapokea vibuyu. Hakunitazama.

"Mjomba, bwana wa njia anakuja leo. Akikuta mashine imekaa ataita askari."

"Na ng'ombe wangu wakifa nitamwita nani?"

Nikasimama pale, na haya zangu, mpaka akamaliza kumnywesha ndama aliyekuwa mbele yake. Nadhani kusimama kwangu ndiko kulikosema. Akaweka kibuyu chini akanifuata.

Hakwenda kisimani. Alikwenda moja kwa moja chini ya tangi, akamwonyesha fundi kwa fimbo. Pale chini, ninyi mnapajua, kulikuwa na tope la siku zote, na majani mabichi, na vyura.

"Fundi," akasema mjomba, "hapa kwenu vyura wanaogelea. Kule kwangu ndama wanalamba mchanga. Nieleze."

Fundi Mabruki alitazama lile tope kana kwamba limeletwa asubuhi ile. Ukweli ni kwamba kazi yetu ilikuwa hivyo. Moto wa mashine ukishawaka unauma kuuacha ufe bure, na tangi liko juu ya mnara, halionekani ndani. Basi tulivuta mpaka maji yamwagike. Kumwagika ndiko kulikotuambia limejaa, na mara nyingi tulikuwa mbali, tunapasua kuni, tukaliacha liseme peke yake kwa muda mrefu.

"Maji haya ni yako?" akauliza fundi taratibu.

"Siyo yangu. Siyo yako. Yanapita njiani."

Fundi akavua kofia. "Mzee Ndahani, nilipopita hapa kijana, na mzigo, watu wa nchi hii walinipa maji. Sikiliza. Nitajaza tangi, kisha nitaua moto mpaka kesho. Halitamwagika."

"Utajuaje limejaa?"

"Huyu mpwa wako atapanda ngazi achungulie."

Mjomba akanitazama, kisha akatazama mashariki. Moshi ulikuwa umekwisha kuonekana. Hakuharakisha hata kidogo. Akaenda kisimani, akaliinua tawi, akaliegemeza ukutani, miiba ikitazama nje.

Gari lilifika mashine ikiwa ndiyo kwanza inavuta. Bwana wa njia akashuka, saa mkononi, uso mwekundu.

"Kwa nini hakuna maji?"

"Kisima kilikuwa kinapumzika, bwana," akasema Fundi Mabruki.

"Kisima kinapumzika?"

"Bwana, hata mimi ningependa," akasema Mihayo kutoka juu, watu wakacheka, na bwana akamkemea.

Aliliona tawi. Alimwona mjomba na mkuki wake. Sijui alielewa kiasi gani. Akamwambia fundi, "Sitaki habari za miiba. Kila nikija tangi liwe limejaa mpaka juu. Siku lisipojaa, utarudi pwani na huyu atarudi kuchunga." Kisha akaenda kukaa kivulini, maji yakapanda polepole, na askari hawakuitwa.

Hivyo tukabaki na amri mbili: lijae mpaka juu, na lisimwagike. Nilipanda ngazi ile mara nyingi kuliko nyani, mpaka magoti yakaniuma, na ukiwa juu huwezi kuitazama saa ya mvuke kule chini. Nikafikiri. Nikachukua kibuyu, nikakifunga kamba, nikakiweka kielee ndani ya tangi. Kamba nikaipitisha juu ya ukingo, kwenye gurudumu dogo la mbao, na mwisho wake nje nikafunga jiwe. Maji yakipanda, kibuyu kinapanda, jiwe linashuka. Kibuyu cha kwanza kilizama siku ileile, maana sikukiziba. Cha pili nilikiziba kwa nta ya nyuki, nacho kikafanya kazi vizuri. Fundi alipaka mstari mweupe kwenye mnara, jiwe likifika hapo tangi limejaa.

Nimeona saa, simu na motokaa, lakini hakuna chombo kilichonipa furaha kama kibuyu kile. Wanawake waliopita na mizigo walitazama jiwe na kuambizana limefika wapi. Mjomba ndiye aliyezidi. Alileta kigoda chake akakaa mbele ya mnara, mtu ambaye hajaajiriwa na yeyote maishani, na jiwe lilipogusa mstari alipaza sauti, "Fundi! Limefika! Zima!" Fundi akichelewa kidogo alitukanwa kwa Kigogo, naye akajibu kwa matusi ya Bagamoyo, kisha wakanusa tumbaku pamoja. Mashine ililala mchana wote. Maji ya mjomba yakarudi, si yote, lakini waliacha kusimama mmoja chini ya mwingine, na ndama waliishi mpaka mvua.

Baadaye ikaja mashine hii mnayoitunza sasa. Niliisaidia kushuka kwenye behewa, na sitaisema vibaya hata kwa sababu ya mjomba. Chuma chake kimeng'arishwa mpaka unajiona uso. Ina kioo cha kuonyesha maji, na inavuta kwa muda mfupi kile tulichokivuta kwa siku nzima. Lakini aliyekuja nayo hakuhitaji kibuyu, akakitupa. Fundi Mabruki alikuwa amekwisha rudi kwao. Mimi masikio yalikuwa yanakufa. Mlio wa mashine uliyala kidogo kidogo, nami nilikuwa nimebaki na kusikia kwa jino tu. Nilijaribu kumweleza fundi mpya habari ya kupumzisha kisima. Niliona midomo yake inasema "ndiyo, ndiyo". Siku chache baadaye nikaacha kazi.

Kiangazi hiki mjomba hakungoja. Aliona tope na vyura vimerudi chini ya mnara, akawaswaga ng'ombe wake mpaka huku Mlali kwa ndugu zake, nami nikafuatana naye. Malisho ya huku si yetu. Tumeazimwa, na wenyewe wameanza kuhesabu wageni. Mawingu yameanza kukaa upande wa milima. Kama kisima cha kwetu kina maji, tunapaswa kurudi sasa tukatengeneze mashamba ya uwele. Kama hakina, tukirudi ng'ombe watafia njiani au watafia nyumbani. Kila mtu anayetoka relini mjomba hunituma nikamwulize. Wao hujibu, nami nasikia upepo tu.

Kwa hiyo nawaomba, ndugu zangu. Mmoja wenu mwenye kujua kalamu, asubuhi kabla hamjawasha moto, ashuke korongoni mpaka kisima cha Ndahani, atumbukize fimbo, aniandikie imelowa mpaka wapi. Kisha mwiache mashine ilale siku moja tu, atumbukize tena, aandike na hiyo. Mkikuta mchanga mkavu, andikeni mchanga mkavu. Barua mpeni yeyote anayepanda njia ya Kongwa, aseme ni ya Yohana wa Mlali, mpwa wa Ndahani. Nitamsomea mjomba mwenyewe, kwa sauti, mbele ya wazee wote walioko hapa. Amesema hatafungua zizi mpaka aisikie.